Mwili wa Mkimbiaji katika Lugha ya Sifa

Tuna mazoea ya kumsifu mwanariadha hodari kwa kumwita mashine. Sifa hii hapana budi ihakikiwe, maana hubeba maana tusiyoikusudia. Vitenzi vyetu ndivyo ushahidi. Mashine huharibika, kisha hutengenezwa: kazi yote ni ya fundi. Mwili huchoka, hupumzika, hupona. Hata ukitibiwa na daktari, unaopona ni wenyewe.

Tumtazame Faith Kipyegon, aliyekulia Keringet, katika nyanda za juu za Nakuru. Mwaka 2016 alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 1500. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. 2019 akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia, Doha. Kisha akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 na 2024. Katika neno "kujifungua", kiambishi -ji- humfanya mama kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Fundi hana nafasi humo.

Basi amwitaye mashine huufanya mwaka ule wa 2018 kuwa hitilafu tu. Kiswahili kilikwisha kumpa sifa iliyo kubwa zaidi.