Mshahara wa Mbwa wa Kiamaiko

Malori ya mbuzi huingia mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, usiku wa manane au alfajiri, kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na Garissa. Mbuzi huteremshwa, kisha huswagwa kwa miguu kupitia vichochoro hadi machinjioni. Kundi likipita mbele ya geti lenye mbwa, mbwa hubweka. Anabweka, mbuzi wanaondoka. Kesho yake anabweka tena, na tena wanaondoka. Sisi tunajua wameondoka kwa sababu mswagaji ana fimbo na ana haraka. Mbwa hajui hilo. Kwa hesabu yake ni yeye aliyewafukuza, na kazi inayofaulu kila siku haina sababu ya kuachwa.

Nilikaa na mbwa wa namna hii miezi mingi kabla sijayaelewa haya. Kwanza nilimfokea. Kelele yangu ikajiunga na yake, na ninaamini alichukulia kwamba mwenye nyumba naye amekuja kumsaidia kubweka. Baadaye nikamchapa. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alianza kutetemeka na kunguruma aliposikia kwato tu, kabla mbuzi wenyewe hawajaonekana. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mbuzi wakija, maumivu hufuata. Fimbo ilizima sauti, ikamwachia hofu ile ile, imekolea zaidi. Tena ngurumo ndiyo onyo la mbwa. Ukimpiga mpaka aache kunguruma, unapata mbwa anayeng'ata bila kutoa taarifa, na mtaa utasema amebadilika ghafla.

Wazee wengi wa mitaa hii ya Eastlands watakuambia mbwa lazima ajue nani mkubwa. Imani hiyo ina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja, wakigombania ukubwa. Mtafiti mwingine, David Mech, akaieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kuwatazama mbwamwitu porini kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi. Masahihisho hayo bado hayajafika kwenye mageti yetu, na mbwa wanaendelea kulipia kosa ambalo Mech mwenyewe alishalirekebisha.

Kilichonisaidia ni kazi ya Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji chakula. Aligundua kwamba kitu kisicho na maana yoyote kwa mbwa, kikitangulia chakula mara kwa mara, huanza kumdondosha mate. Kwa hiyo nilikuwa na swali moja la kujibu: sauti ya kwato imwashirie nini mbwa wangu? Fimbo, au nyama?

Tulianzia mbali. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea, kwa kumpeleka mbwa moja kwa moja kwenye kitu kinachomsumbua. Nilimfunga kamba nikamweka mwisho wa kichochoro, mahali ambapo angewaona mbuzi lakini bado angeweza kula. Mbwa anayekataa nyama yuko karibu mno, hana nafasi kichwani ya kujifunza chochote. Mbuzi wakitokea, kipande mdomoni, kingine, kingine. Mbuzi wakipotea, nyama inakwisha. Mfululizo huo haubadilishwi: mbuzi kwanza, nyama baadaye. Ukitangulia kuonyesha nyama, mbwa atajifunza kwamba nyama huleta mbuzi, nayo itamtia wasiwasi.

Baada ya wiki moja aliwaona mbuzi akanigeukia mwenyewe. Hapo ndipo nilipobadilisha masharti. Sasa alilipwa kwa kugeuka, wala si kwa kuona tu, nasi tukawa tunasogea hatua tatu nne kila siku chache. Siku aliyobweka nilijua nimeharakisha, tukarudi nyuma.

Malipo yakichelewa yanalipa kitu kingine. Mbwa amekaa, unapapasa mfukoni, anasimama, ndipo unampa: umemlipa kwa kusimama. Kule Morogoro, shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa kibati kidogo kinacholia "klik", kikifuatwa na chakula. Mlio huo humwambia panya ni kitendo kipi hasa kimenunuliwa. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Panya hafundishwi kazi hiyo kwa kipigo. Mimi sikuwa na kibati, nilitumia neno fupi, "ndiyo", kwa sauti ile ile kila mara.

Lakini Kiamaiko ina ugumu wake. Kwingine kipande cha nyama ni hazina. Hapa nyama iko barabarani. Raymond na Lorna Coppinger, waliowachunguza mbwa wa Pemba, walieleza jinsi mbwa wa kijijini anavyoishi kwa mabaki ya watu bila kumtegemea mtu mmoja. Kandokando ya machinjio ni hivyo hivyo: mtaa unalipa vizuri kuliko mwenye mbwa. Mbwa anayezurura mchana kutwa akishiba matumbo hana sababu ya kukusikiliza jioni. Ilinibidi nimzuie kuzurura, nimlishe mwenyewe, na nifanye chakula chake cha siku ndicho mshahara wa mafunzo.

Chakula hicho kilikuwa mapafu ya mbuzi, ambayo ni rahisi kupata, lakini yamechemshwa mpaka yakaiva kabisa. Hapa sina mzaha. Matumbo, mapafu na maini mabichi humpa mbwa tegu ambalo mayai yake, yakimfikia binadamu, huota uvimbe wenye maji ndani ya ini au mapafu. Turkana iliteseka kwa ugonjwa huo kiasi kwamba shirika la afya la AMREF liliendesha kampeni huko tangu miaka ya 1980. Anayemrushia mbwa pafu bichi mbele ya watoto anawahatarisha watoto hao.

Somo la pili lilikuwa kutorukia watu. Majirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwenye kanzu humlazimu mtu kurudi nyumbani kuosha mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kusali. Mbwa anayerukia wapita njia hapa ni dharau ya mwenye mbwa. Nilipomweleza mfanyabiashara mmoja wa mbuzi ninachofanya, alinisahihisha kwa upole: "Ndugu yangu, hayo si mapya. Sisi tuna masharti ya mbwa aliyefunzwa." Akanihesabia: akitumwa aende, akizuiwa akome, asile windo, na hayo yarudiwe hadi yathibitike. Ni masharti ya fikihi kuhusu mbwa wa kuwindia, yanayojengwa juu ya aya ya 4 ya sura Al-Maida. Lile la kurudiwa ndilo lililonishika, kwa sababu mbwa aliyetii mara moja bado hajajua kitu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mbwa aliyezoea kushikwa mdomo na masikio kwa malipo huchanjwa bila vita. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hesabu inayotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Asilimia hiyo haifikiwi na mbwa wasioshikika.

Halafu nilisafiri siku nne. Niliporudi niliambiwa alibweka asubuhi zote. Nyumbani, mimi nilisema "kaa", mke wangu "tulia", watoto "sit", na mifuko yenye nyama ilikuwa yangu peke yangu. Mbwa alikuwa amejifunza mambo ya mtu mmoja. Tuliketi mezani tukachagua neno moja, "kaa", tukaliandika kwa chaki mlangoni. Sasa binti yetu wa miaka kumi ndiye anayebeba mkebe wa mapafu alfajiri, nami nasimama nyuma yake bila kusema neno. Tumerudi mwisho wa kichochoro, pale tulipoanzia.