Digrii Mbili za Hipparchus

Mwezi Septemba, siku ambayo mchana na usiku hulingana, Jua husimama mahali maalumu angani. Ni mahali pagumu kupima, kwa sababu Jua likiwapo nyota hazionekani, na Jua likitua nalo limekwenda na alama yake. Hipparchus, mwanafalaki wa Kigiriki aliyefanya kazi kisiwani Rhodes katika karne ya 2 KK, alipapima bila darubini.

Alisubiri mwezi upatwe. Mwezi ukipatwa, dunia imekaa katikati, na Jua liko upande wa pili kabisa wa mbingu. Kwa kuwa alikuwa na hesabu ya mwendo wa Jua kwa kila siku ya mwaka, alijua lilipo wakati ule. Akavuka hadi upande wa pili, akajua na mwezi ulipo. Hapo akapima umbali kutoka mwezi uliofifia hadi Spica, nyota angavu ya kundi la Mashuke. Ule mwezi uliotiwa giza ndio uliomwonyesha lilipo Jua asiloweza kuliona pamoja na nyota. Hila hii naipenda kuliko jibu lenyewe.

Jibu lilikuwa digrii 6: Spica ilikuwa imebaki nyuma ya ile alama kwa kiasi hicho. Lakini Timocharis wa Alexandria, miaka kama 150 kabla yake, alikuwa ameandika digrii 8. Tofauti ni upana wa mwezi mpevu mara nne. Mwingine angesema mzee alikosea, akaendelea na yake. Hipparchus aliiamini kazi ya marehemu, akakubali kwamba alama yenyewe inahama.

Sababu ilingoja hadi Newton, mwaka 1687. Dunia imetuna kwenye ikweta, ambako kipenyo chake kinazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mwezi na Jua huuvuta uvimbe huo, na mhimili wa dunia huzunguka taratibu, duara moja kwa takriban miaka 26,000. Ndiyo maana alama ya Machi, ile ya siku nyingine ambayo mchana na usiku hulingana, iliyokuwa katika kundi la nyota la Hamali, sasa imo ndani ya Hutu, na kuanzia mwaka 2600 hivi itaingia Dalu. (Kurasa za nyota magazetini bado zinampa Hamali mtoto wa tarehe 21 Machi. Hazijapata habari.)

Kuhusu kasi, Hipparchus alisema tu kwamba haipungui digrii 1 kwa miaka 100. Mwanafalaki Ptolemaio, karibu karne tatu baadaye, aliifanya digrii 1 kamili, na hapo akapotea. Mwanafalaki mwingine, Al-Battani, akiwa mjini Raqqa, alipata digrii 1 kwa miaka 66. Tunavyojua leo ni takriban 72. Ile miaka 150 kati ya Timocharis na Hipparchus, ukiigawanya kwa zile digrii mbili za Rhodes, inatoa 75.