Kigogo au Bembea: Kundi la Nyakoe Lichague Vipi

Makundi ya uigizaji ya Kisii na Nyamira hutegemea shule. Tamthilia ikitahiniwa katika mtihani wa KCSE, wanafunzi hutaka kuiona jukwaani, na kundi hupata pa kuingilia. Kigogo ya Pauline Kea ilitahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikashika zamu. Kwa kundi la shule pekee, uamuzi umekwisha. Kwa kundi linalotaka kuigiza pia sokoni Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, haujakwisha hata kidogo.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuchagua kwa maudhui. Kwa kipimo hicho Bembea ingeshinda asubuhi na mapema: Yona anasimangwa kwa kuzaa mabinti watupu, Sara mkewe anaugua, watoto wanavutana juu ya kumtunza. Nani huku asiyeijua nyumba kama hiyo? Ila mvutano wake umo katika mazungumzo ya nyumbani, mengi yakiwa ya watu wawili watatu, na uchungu unakaa kwenye sauti. Kumbi nyingi za shule zetu zimeezekwa bati bila dari, na mvua ya Kisii hupenda alasiri. Ikishanyesha, maneno ya Sara hayafiki safu ya tatu. Sokoni kuna honi za matatu.

Kigogo inafunguka karakanani, katika Soko la Chapakazi, Sudi, Boza na Kombe wakichonga. Hapo ndipo ninapoipa kura yangu. Mikono ina kazi, na asiyesikia neno ataona nani anachonga kwa moyo na nani anatafuta riziki tu. Mwelekezi wa hapa angewapa mawe ya sabuni kutoka Tabaka, patasi halisi na msasa. Kenga, mshauri wa mtawala Majoka, anapofika kumshawishi Sudi achonge kinyago cha shujaa, Sudi aendelee kupiga patasi bila kuinua macho. Kukataa kwake kutaonekana hadi kwa muuza ndizi aliye ng'ambo ya barabara.

Tatizo ni idadi. Wahusika ni wengi, na kundi la watu wanane litalazimika kuwagawia baadhi nafasi mbili. Chora jedwali: majina upande mmoja, maonyesho juu, kisha tia alama kila mhusika anapoonekana. Utagundua mapema kwamba anayeigiza Boza hawezi kuwa Kenga, kwani wote wawili wamo karakanani. Anza kukagua kutoka onyesho la mwisho, langoni mwa soko. Hapo wengi hukutana, na mgawanyo uliokuwa mzuri hadi hapo huvunjika.

Sehemu inayonitia wasiwasi ni ile Majoka aliyezimia anapozungumza, kama ndotoni, na Babu. Ukumbini, taa zikififia, inasimama vizuri. Sokoni saa nane mchana, jua likiwaka, itaonekana kama wazee wawili wanapiga soga. Ningeifupisha. Lakini mtunzi yu hai na kazi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa ya kuigiza hadharani ieleze pia ni wapi mnataka kupunguza, na iende kwa mchapishaji kabla mazoezi hayajaanza.