Pingu Zikishafungwa

Yako maswali mawili ambayo mtu hana budi kuyauliza atazamapo kipindi chochote cha polisi katika runinga. La kwanza, nani ameishika kamera? La pili, picha zinakatwa wapi? Nimekitazama kile kipindi cha Marekani kiitwacho Cops mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na kila nikiyauliza maswali hayo kipindi chenyewe hugeuka mbele ya macho yangu.

Cops kilianza kuonyeshwa katika kituo cha Fox mwezi wa Machi 1989. Mwaka uliotangulia waandishi wa michezo ya runinga huko Marekani walikuwa wamegoma, na kipindi kisichohitaji mwandishi wala mwigizaji kilikuwa bidhaa rahisi kuuzika. Hakina msimulizi. Unapigwa wimbo wa reggae wa kundi la Inner Circle, kisha mpiga picha anaketi ndani ya gari la askari, na safari inaanza. Nusu saa inameza visa vitatu: huyu amekimbizwa uani, yule amegombana na mkewe, wa tatu amekutwa na dawa za kulevya. Pingu, mlango wa gari, basi. Tunahamia kisa kingine.

Ni kazi ya ustadi, sikatai. Askari akikimbia gizani unaisikia pumzi yake, nawe unatweta naye. Anachokiogopa unakiogopa. Yule anayekimbizwa humjui ila kwa kisogo chake, na mtu hawezi kumhurumia kisogo. Kila kipindi hutangaza kwamba washukiwa wote hawana hatia mpaka mahakama itakapowatia hatiani, lakini mahakama yenyewe haionyeshwi. Mtazamaji anaachwa ahukumu yeye, na ameshahukumu kabla gari halijaondoka.

Hapa hunijia Vioja Mahakamani, mchezo ambao wengi wetu tumecheka nao tangu enzi za Sauti ya Kenya. Ni mzaha mtupu, naam, na sheria yake haiwezi kumsaidia mwanafunzi wa sheria. Lakini tazama mchezo unaanzia wapi: mshtakiwa yuko kizimbani, hakimu yuko juu, na askari aliyemkamata anapaswa kusimama, kuapa na kueleza. Anaulizwa maswali. Wakati mwingine anababaika, na ukumbi unaangua kicheko. Mshtakiwa naye ana ulimi, tena mara nyingi ndiye mwenye maneno matamu kupita wote. Yaani mchezo wetu wa kuchekesha unaanzia palepale ambapo kipindi chao kinachojiita cha kweli hukomea. Sidhani waliotunga Vioja walikusudia kufundisha uwajibikaji wa polisi. Wamefundisha hata hivyo.

Sasa swali la kamera. Idara za polisi zilizoruhusu Cops kuingia katika magari yao zilipewa nafasi ya kuzipitia picha kabla hazijarushwa. Tuliosomea ualimu tulijua mapema kwamba mtahiniwa hapewi kalamu nyekundu. Na jambo hili si geni huko. Dragnet cha Jack Webb, kilichoingia katika runinga mwaka wa 1951, kilitengenezwa kwa msaada wa polisi wa Los Angeles, nao waliipitia miswada yake. Askari wa Dragnet ni mpole, makini, hakosei. Kizazi kizima cha Wamarekani kiliwajua polisi wa Los Angeles kwa sura hiyo. Kisha, usiku wa tarehe 3 Machi 1991, mkazi mmoja, George Holliday, akiwa nyumbani kwake, aliwapiga picha polisi wa jiji hilohilo wakimtwanga Rodney King kwa virungu. Cops kilikuwa na miaka miwili hewani. Aliyeleta habari alikuwa raia mwenye kamera yake ya nyumbani, asiyehitaji ruhusa ya idara yoyote.

Kisa kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni cha Live PD, kilichoanza mwaka wa 2016 katika kituo cha A&E. Kilijinadi kuwa kinaonyesha kazi ya polisi papo kwa papo, ingawa picha zilicheleweshwa. Tarehe 28 Machi 2019, huko Texas, askari wa Wilaya ya Williamson walimfukuza Javier Ambler kwa sababu hakupunguza taa za gari lake. Walipomkamata katika jiji la Austin walimpiga kwa kifaa cha umeme mara kadhaa. Aliwaambia ana ugonjwa wa moyo na kwamba hawezi kupumua. Alikufa. Watu wa Live PD walikuwepo na kamera zao. Picha zao hazikurushwa, na baadaye zilifutwa. Waandaaji wakajitetea kwamba si kawaida yao kuhifadhi picha zisizorushwa.

Fikiria maana ya kawaida hiyo. Kamera iliyokwenda pale kwa jina la ukweli ilikuwa na macho ya kuona ushindi, lakini haikuwa na kumbukumbu ya kifo. Walimwengu walikuja kuona yaliyotokea miezi kumi na minne baadaye, Juni 2020, kwa picha za kamera walizovaa askari. Wakati huo Marekani ilikuwa inawaka kwa ajili ya George Floyd, ambaye mauaji yake huko Minneapolis yalirekodiwa na msichana wa miaka 17 kwa simu, huku taarifa ya kwanza ya polisi ikiyaita tukio la kiafya. Cops na Live PD viliondolewa hewani mwezi huohuo.

Wilaya ya Williamson ilikubali kuilipa familia ya Ambler dola milioni 5. Askari wawili walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na baraza la mahakama likawaachilia mwaka wa 2024. Texas ilitunga sheria mwaka wa 2021, yenye jina la Ambler, inayowakataza polisi wake kufanya mikataba na vipindi vya namna hii. Mwaka huohuo Cops kilirudi katika kituo kingine, na mwaka wa 2022 waandaaji wa Live PD walirudi pia. Wamebadilisha jina: sasa kinaitwa On Patrol: Live.