Faiba Huhukumiwa Kwenye Mkato

Siku hizi kazi ya faiba inasifiwa kwa picha. Kasha la maungio linafunguliwa, nyuzi 12 zimelazwa kwenye trei kwa mpangilio wa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia, zimezungushwa duara safi na kubanwa kwa vifungio vya plastiki hadi hazitikisiki, na watazamaji wanaitana waje waone ufundi. Huo si ufundi, ni unadhifu, na mara nyingine unadhifu wenyewe ndio uharibifu. Mwanga hubaki ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 9 kwa sababu moja tu: kioo cha kiini hupinda mwanga zaidi kidogo kuliko kioo cha ganda linalokizunguka, na tofauti yenyewe haifiki asilimia moja. Ukiukunja uzi kupita kiasi, au ukiuminya kwa kifungio, mwanga unavuja. Aliyekaza vifungio vile hajui kinachopita ndani ya kitu anachokifunga. Uzi hulazwa, haufungwi.

Kinachoamua ubora ni mkato, na mgeni wa kazi hii haufikirii kamwe, kwa kuwa uzi ukishaungwa mkato hauonekani tena. Fundi akishavua koti la plastiki anabaki na kioo kitupu cha mikromita 125. Anakipangusa kwa spiriti safi mpaka kilie kati ya vidole, kisha anakiweka kwenye kikatio. Hapo wengi wanadhani wembe unakata kioo. Wembe unakikwaruza tu. Mvuto ndio unaokipasua, na mpasuko ukienda sawasawa, uso wa uzi unatoka bapa na kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Pembe ikizidi nusu digrii fundi hodari anakata upya, hata kama mashine ya kuungia imeikubali. Anatazama pia kama kuna ncha iliyochomoza ukingoni, pengo lililomeguka, au ukungu wa mikwaruzo upande ule mpasuko ulipoishia. Cheche ya mashine itayeyusha kasoro zote hizo na nje patakuwa laini kabisa, lakini ndani kiini kitakuwa kimevutwa upande. Ndiyo maana anayeupangusa uzi baada ya kuukata hafai kupewa mashine: uso ulikuwa safi, sasa ameuchafua. Mtazame pia na vipande vinavyobaki. Bingwa anavitia kwenye chupa kimoja kimoja. Anayevitupa sakafuni, penye miguu na macho ya watu, hata mkato wake usiuamini. Kabla ya mashine kujipangia nyuzi zenyewe, mafundi walikwaruza kwa kalamu ya ncha ngumu, wakavuta kwa mkono, wakachungulia kwenye hadubini na kusogeza nyuzi kidogo kidogo mpaka zikutane. Mikono ile ilijua kiasi cha mvuto. Mashine za leo zinasamehe mno, na waliojifunzia juu yake hawakufundishwa kuuonea haya mkato mbovu.

Atatokea wa kusema kwamba skrini ya mashine imeandika upotevu wa desibeli 0.01, basi kuna nini tena cha kubishania? Kuna hiki: mashine haijapima mwanga unaopita. Imepiga picha ya kiungo kutoka ubavuni na kukadiria. Kipimo cha kweli ni cha OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kuchora unaorudi, tena kutoka ncha zote mbili, kisha unachukua wastani. Nyuzi mbili ambazo viini vyake havilingani sawasawa zikiunganishwa, kipimo cha upande mmoja kinaweza kuonyesha eti mwanga umeongezeka kwenye kiungo. Mwanga hauzaliwi kwenye kiungo. Anayekuletea ripoti yenye ongezeko na kulipigia kifua amepima upande mmoja tu. Wapo na matapeli wenyewe: wanapima uzi mmoja uliotoka vizuri, wanahifadhi mchoro wake mara 12 na kubadilisha majina ya mafaili. Dawa yao ni kutazama mkia wa mchoro, pale mstari unapoanza kuchafuka baada ya mwisho wa uzi. Michirizi ile ni ya bahati nasibu. Vipimo viwili havitoi michirizi ileile kamwe. Wengine wanapima kwa mwanga wa nanomita 1310 peke yake, maana mikunjo mibaya hujificha huko na kufichuka kwenye 1550.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwenye mtandao: intaneti inapita, malipo ya simu yanapita, kwa nini nisumbuke na sehemu za desibeli? Hesabu ijibu. Chukua njia ya kilomita 80 iliyotandazwa kwa marobota ya kilomita 4. Ina maungio kama 20. Kila kiungo kikipoteza 0.03, jumla ni desibeli 0.6. Kikipoteza 0.12, ni 2.4. Tofauti ya 1.8, kwa uzi unaopoteza 0.2 kwa kilomita, ni sawa na kuongeza kilomita 9 za kebo ambazo hakuna aliyezichimbia mtaro. Na njia haibaki ilivyokabidhiwa. Tangu kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, miji ya bara kama Kampala na Kigali inategemea nyuzi zilizozikwa kandokando ya barabara, na barabara hupanuliwa. Kijiko kikikata kebo, kipande kipya kinaingizwa na maungio mawili yanaongezeka. Akiba aliyoila fundi mvivu siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa iyabebe matengenezo hayo. Tena uwezo wa kupitisha mwanga mbali hivi ulitafutwa kwa jasho: mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa uchafu wake, upotevu wake unaweza kushuka hadi desibeli 20 kwa kilomita, wakati kioo cha siku hizo kilipoteza kama 1,000. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ikapita chini ya 20. Kuutupa kwenye kiungo mwanga uliohangaikiwa hivyo ni dharau kwa kazi ile.

Kwa hiyo wewe unayepokea kazi, acha kuomba picha za trei. Dai mafaili halisi ya OTDR ya kila uzi, pande zote mbili, kwa 1310 na 1550. Mkandarasi akishindwa kuyatoa, usitie sahihi.