Mnara wa Dar es Salaam na Paa la Singida

Wengi wetu wa Singida tushukapo Dar es Salaam hurudi na sifa za kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililo mbele ya bandari. Hatukatai ya kwamba ni zuri. Lakini kusifu bila kupima ni nusu ya maarifa.

Kwanza tujue asili yake. Watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888. Mwaka uliofuata kituo chao kilivunjwa katika vita vya pwani, na baadhi yao wakauawa. Ndipo wenzao wakashika kazi Dar es Salaam. Mwaka 1897 walianza kujenga kanisa hili, likamalizika mwaka 1902, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Walilijenga kwa mtindo wa Kigothi waliouzoea kwao: mnara wenye ncha, matao yaliyochongoka, na vioo vya rangi.

Twasifu nini? Twasifu kimo. Aingiaye huinua macho bila kuamriwa, na joto la pwani hupanda juu, likawaacha waumini chini. Twakosoa nini? Paa la mteremko mkali ni akili ya watu wa theluji, na theluji haipo pwani. Tena mnara ule, pamoja na kuwaita watu kusali, uliwaonyesha wenye merikebu ni nani aliyetawala.

Kosa kubwa zaidi ni letu tuigao. Tumeona kigango kimoja huku kwetu kilichomaliza michango ya miaka mingi juu ya mnara. Kuta zilibaki bila bati, mvua ikazila. Hata leo watu husali chini ya mti, huku wakiutazama mnara wao.

Wazee wetu waliojenga tembe hawakuwa wajinga. Nchi yetu ina upepo mwingi na miti mirefu michache. Kwa hiyo walijenga nyumba fupi, zenye kuta nene na paa la udongo. Hatusemi turudie paa lile, maana mkutano mkubwa wahitaji nafasi. Twasema tuulize kama wao: upepo watoka wapi? Jua laingia wapi? Mawe gani yako karibu?

Tujenge paa kwanza. Mnara, ukihitajiwa, utafuata.