Mji Uliotafsiriwa

Tafsiri ina adabu zake, na ya kwanza ni kumwachia msomaji njia ya kurudi kwenye asili. Mfasiri mwema hukushika mkono hadi kizingiti cha nyumba ya wenyewe, kisha akakupisha uingie. Mfasiri asiye na adabu hufunga mlango na kusimama nje, akijisifu kwamba nyumba ni yake. Kwa kipimo hiki nataka kuipima desturi iliyoenea mno tangu tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2011: desturi ya watu kufunga safari za mbali ili wakanyage mawe yaliyokanyagwa na wafalme ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Tamthilia hiyo ilitokana na riwaya za Mmarekani George R. R. Martin, ikaendelea kwa misimu minane hadi mwaka 2019. Nchi zake ni za kubuni, lakini picha zake zilipigwa mahali penye majina na wenyewe: Ireland ya Kaskazini, Malta, Kroatia, Moroko, Iceland, Hispania. Kuanzia msimu wa pili, Dubrovnik, mji wa mwambao wa Kroatia, ulivikwa sura ya King's Landing, makao makuu ya wafalme hao. Waliouchagua walijua walifanyalo. Ukuta wa mbao na plasta waweza kupakwa rangi ukafanana na wa kale, lakini hauwezi kuwa na uchovu wa ukuta uliopigwa na upepo wa bahari kwa karne kadhaa. Uongo wao ulihitaji ukweli wa kuegemea, nao wakaukopa. Basi tuulize ni nani anayelipa deni hilo, na kwa sarafu gani.

Tuanze na ngazi. Ndani ya Dubrovnik kuna ngazi pana za mawe, zilizojengwa mwaka 1738, zipandazo kwenye kanisa la Wajesuiti. Katika msimu wa tano, ulioonyeshwa mwaka 2015, malkia Cersei alianza hapo matembezi yake ya aibu, akiwa uchi, umati ukimzomea. Leo wageni hupanga foleni wapigwe picha, na wapo wanaoigiza zomeo lile kwa sauti kubwa. Chini ya ngazi hizo hizo, katika uwanja uitwao kwa jina lake, imesimama sanamu ya Ivan Gundulić, malenga wa mji huo aliyeishi kati ya mwaka 1589 na 1638. Alitunga Osman, utenzi mrefu wenye sehemu ishirini juu ya Sultani Osman wa Pili wa Uturuki, na akafa akiziacha sehemu ya 14 na ya 15 bila kuandikwa. Mshairi Mkristo wa mji wa bandari amtungia utenzi sultani Mwislamu: sisi watu wa pwani, ambao tenzi zetu zimejaa wafalme na vita vya ng'ambo, tungeona hapo jambo la kukaa kitako na kulizungumza. Lakini wengi humpita malenga wakiziwahi ngazi.

Nje kidogo ya kuta, juu ya mwamba, ipo ngome ya Lovrijenac, iliyotumika kuwa kasri ya wafalme wa tamthilia. Juu ya mlango wake pamechongwa maandishi ya Kilatini yenye maana kwamba uhuru hauuzwi, hata kwa dhahabu yote iliyopo. Hayo ni maneno ya jamhuri ya wafanyabiashara, iliyojilinda kwa busara na malipo baina ya madola makubwa hadi ilipovunjwa mwaka 1808. Mwaka 1416 jamhuri hiyo ilikuwa imekwisha kuwapiga marufuku raia wake biashara ya watumwa. Mji ambao kwa karne nyingi haukutaka mfalme leo hutembelewa kwa sababu ya kiti cha enzi; na kwenye kisiwa cha Lokrum, mkabala wa bandari yake, umewekwa mfano wa kiti chenyewe ili mgeni akalie na kupigwa picha.

Hata hivyo, ngazi na kiti ni mambo madogo. Jambo zito lipo juu ya kuta. Anayezizunguka huyaona mapaa ya mji mzima chini yake, na wengi hukumbuka namna King's Landing ilivyozingirwa, na hatimaye ilivyoteketezwa kwa moto wa joka mwaka 2019. Ule mji uliouawa mbele ya macho yetu ulikuwa kwa sehemu kubwa mfano uliojengwa Belfast kwa sura ya Dubrovnik. Nakala ndiyo iliyochomwa. Lakini na asili nayo ilikwisha kuchomwa. Tangu Oktoba 1991 Dubrovnik ilizingirwa na jeshi la Yugoslavia, na tarehe 6 Desemba mwaka huo mizinga ilinyesha juu ya mji mkongwe. Kati ya majengo 824 ya mji huo, 563 yalipigwa. Siku ile iliungua pia maktaba ya kituo cha masomo cha vyuo vikuu, pamoja na maelfu ya vitabu vyake. Baada ya vita mapaa yaliezekwa upya, na vigae vipya vikatofautiana rangi na vile vya zamani. Kwa anayejua kusoma, mapaa yale ni ukurasa: kila kiraka chekundu ni jibu la bomu. Mgeni husimama juu ya ukurasa huo akiwaza joka. Hapa ndipo tafsiri inapokosa adabu, maana imemfundisha msomaji kulilia mji wa maboksi na kuukanyaga mji wa watu bila kujua.

Moroko ilipata fungu la namna nyingine. Essaouira, mji wa kuta kando ya Atlantiki, na Aït Benhaddou, kijiji cha udongo kilichoegemea mlima, vilifanywa katika msimu wa tatu kuwa miji ya mabwana wa watumwa. Sidhani kwamba uteuzi huo ni wa bahati nasibu. Wafalme wenye siasa nzito walipewa mawe ya Ulaya. Wauza watu wakapewa udongo na jua la Afrika. Msomaji wa visiwa vyetu, ambaye anajua soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hawezi kulitazama pambo hilo kwa wepesi. Sisemi kwamba Afrika haikuwa na masoko hayo. Nasema kwamba utumwa ulikuwa na wenye meli, wenye mashamba na wanunuzi wa rangi zote, na mandhari iliyochaguliwa imewafuta wengi wao.

Mfano wa adabu upo, tena ndani ya safari hiyo hiyo. Kasri ya Alcázar ya Sevilla, iliyokuwa makao ya watawala wa Dorne, ilijengwa katika karne ya 14 kwa amri ya mfalme Mkristo, Pedro, kwa usanii wa mafundi Waislamu. Ukutani pameandikwa kwa Kiarabu kwamba hapana mshindi ila Mungu. Katika tamthilia maandishi hayo ni nakshi tu. Lakini aliyepita chuoni akajua herufi zake, akifika pale, atasoma. Mfalme aliitwaa fani ya wengine na hakuwanyima ulimi. Hivyo ndivyo mfasiri anavyopaswa kukopa.

Si haki kuwalaumu wageni peke yao. Mapenzi ya hadithi ni mapenzi, na aliyevuka bahari kwa ajili ya hadithi ni ndugu wa msoma mashairi. Sisi wenyewe huonyeshana kaburi la Fumo Liongo upande wa Kipini, wala hatudai hati. Tofauti ni kwamba Liongo ametoka katika ardhi ile: ukimuuliza habari zake, utajibiwa habari za Pate, za ndugu waliohasimiana, za ngoma za gungu. Hadithi inakurudisha kwa watu. Mfalme wa King's Landing ukimfuata hadi Dubrovnik, anakupeleka kwenye duka la panga za bandia; na wakazi wa ndani ya kuta, ambao hupungua mwaka hadi mwaka, wanabaki kuwahesabu wapita njia.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Kila anayetembeza wageni, akishamaliza kusema nani aliigiza nini pale waliposimama, aongeze sentensi moja: na kwa hakika, hapa palitokea hivi. Na kila aliyepanda ukuta wa Dubrovnik, kabla hajashuka, amuulize mwenyeji wake kwa nini vigae vya mapaa vina rangi mbili.